UZI: Barua tatu za Savitribai Phule, mwalimu wa Pune aliyebishana na kaka yake, kijiji na serikali

Kalamu Nyeusi

Habari zenu wakuu.

Kila ifikapo tarehe 3 Januari picha ya Savitribai Phule husambaa mitandaoni: mwanamke wa Kihindi aliyevaa sari, na chini yake maelezo yale yale. Alizaliwa 1831, akaanza kufundisha shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848, watu wakawa wanamrushia tope na kinyesi cha ng'ombe akiwa njiani kwenda kazini, naye akawa anabeba sari ya pili ili abadilishe akifika. Habari inaishia hapo.

Maelezo hayo si uongo, ila yamemgeuza kuwa mtu wa kuvumilia tu. Anarushiwa uchafu, ananyamaza, anabadilisha nguo, anaingia darasani.

Zimebaki barua tatu alizomwandikia mumewe Jotirao Phule kwa Kimarathi: ya 1856, ya 1868 na ya 1877. Humo unakutana na mtu mwingine kabisa. Anabishana, anawatisha watu wazima kwa sheria, anasimama mbele ya mkuu wa wilaya na kumhoji. Mume yuko mbali katika barua zote tatu. Uamuzi anautoa Savitribai mwenyewe palepale yalipo mambo, kisha anatoa taarifa. Mimi naziita barua za kazi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mazingira, kwa ufupi. Alizaliwa kijiji cha Naigaon, wilaya ya Satara, katika jamii ya Wamali, wakulima wa bustani na maua. Aliolewa 1840 akiwa na miaka 9, mume ana 13. Hakujua kusoma. Jotirao ndiye aliyemfundisha nyumbani, kisha akapata mafunzo ya ualimu Ahmednagar na Pune. Shule ilipofunguliwa katika jengo la Bhide mwaka 1848 alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata baba mkwe, Govindrao, akibanwa na watu wa mji, aliwataka wachague shule au nyumba. Wakaondoka nyumbani. Kufikia 1852 shule zao za wasichana zilikuwa tatu, na wakafungua nyingine za watoto wa Wamahar na Wamang, yaani watu waliohesabiwa najisi tangu kuzaliwa, ambao hata kuwagusa kulikatazwa.

Naendelea na barua ya kwanza.

Mpenda Historia

Naweka kambi hapa. Shusha nondo, dada.

Kalamu Nyeusi

BARUA YA KWANZA, 10 Oktoba 1856, kutoka Naigaon.

Alikuwa mgonjwa, amekwenda kwao kuuguzwa. Kaka yake ndiye aliyemhudumia, na Savitribai anamsifu kwa hilo. Anasema pia kwamba sasa nafuu ipo na atarudi Pune akipona. Katikati ya habari hizo anamtaja Fatima: kutokuwepo kwake Pune lazima kunamletea Fatima usumbufu mwingi, lakini anaamini ataelewa na hatanung'unika. Ni sentensi fupi sana, ila inaonyesha kwamba kulikuwa na zamu, na kwamba mwenzake alikuwa amebaki na mzigo wa watu wawili.

Kisha linakuja jambo lililomfanya aandike. Siku moja wakiwa na mama yao, kaka akamwambia kwamba yeye na mumewe wametengwa na jamii kwa haki, kwa sababu wanawahudumia Wamahar na Wamang, na kwamba wanaiaibisha familia. Afuate mila za jamii yake na awatii Wabrahmini, yaani watu wa tabaka la juu la makuhani.

Mama alifadhaika. Savitribai akajibu, na jibu lake limeandikwa lote ndani ya barua. Alimwambia kaka yake kwamba akili yake ni finyu na mafundisho ya Wabrahmini yameifanya kuwa finyu zaidi. Mbuzi na ng'ombe unawapapasa kwa upendo, akasema. Siku ya sikukuu ya nyoka unawakamata nyoka wenye sumu na kuwanywesha maziwa. Ila Mmahar na Mmang, walio binadamu kama wewe na mimi, hao ndio hawagusiki. Nipe sababu.

Hakumwacha apumue. Akamkumbusha kwamba Mbrahmini akiwa katika mavazi yake ya ibada humhesabu hata kaka huyo kuwa najisi, anaogopa kuguswa naye. Machoni pake wewe na Mmahar hamna tofauti.

Uso wa kaka ukaiva. Akauliza, basi kwa nini unawafundisha hao? Hapo ndipo Savitribai anapoeleza kazi yake yote: mtu asiye na elimu anaachwa aishi kama mnyama, na ni kwa kujifunza tu ndipo anapotoka katika hali duni aliyowekwa na kupanda. Mama akavutwa na hoja na akawa upande wake.

Tazameni muundo wa barua yenyewe. Hamwambii Jotirao kwamba ameonewa, wala hamuombi aje kumtetea. Anamwandikia nani alisema nini, yeye alijibu nini, na mwisho mama alisimama wapi. Ingekuwa ni mtu wa chama cha siasa ametumwa kijijini, tungesema hiyo ni taarifa ya uwanjani.

Nyota ya Alfajiri

Hoja ya nyoka na maziwa imenikaa. Hakubishana kwa maandiko kabisa, alichukua tu vitu ambavyo kaka yake anavifanya kila mwaka.

Swali: huyu Fatima ndiye Fatima Sheikh? Maana nimeona watu wakidai kwamba hakuwahi kuwapo, ametungwa.

Kalamu Nyeusi

Jina la Fatima limo katika barua ya 1856, kama nilivyoeleza, na limo mahali ambapo mtu anazungumzia kazi ya shule na uzito wake. Hilo linatosha kutuambia kwamba Savitribai alikuwa na mwenzake aliyemtegemea. Wasimulizi wa historia ya Pune wanamtaja Fatima Sheikh kuwa mwalimu Mwislamu aliyefundisha pamoja naye, na Usman Sheikh kuwa rafiki wa Jotirao aliyewapa hifadhi walipofukuzwa nyumbani.

Kuhusu matunda ya shule hizo nitamtaja mwanafunzi mmoja, kwa sababu maneno yake yanafanana sana na ya mwalimu wake. Mukta Salve, msichana wa Kimang, alikuwa na miaka kama 14 alipoandika insha iliyochapishwa mwaka 1855 katika jarida la Dnyanodaya. Anauliza hivi: Wabrahmini wanasema vitabu vitakatifu ni vyao peke yao. Ikiwa sisi haturuhusiwi hata kuvitazama, basi sisi ni watu wasio na dini, na ee Mungu, tuambie dini yetu ni ipi. Ameeleza pia wanawake wa Kimang na Kimahar wanaojifungua bila paa juu ya vichwa vyao, wakipigwa na mvua na baridi.

Miaka mitatu tu ya shule, na mtoto anauliza swali ambalo wakubwa wa mji hawakuthubutu kuuliza. Mimi nikisoma insha ile namsikia Savitribai akijibizana na kaka yake. Barua ya Naigaon ni ya mwaka uliofuata.

Baharia wa Zamani

Wakuu, mimi mzee kidogo nauliza kwa nia njema. Hizi ni barua za mke kwa mume. Hakuna mapenzi humo? Maana wengine tungependa kumwona hata kama mwanadamu wa kawaida.

Kalamu Nyeusi

Shikamoo mzee wangu. Yamo, tena mengi. Anaanza kwa kumwamkia mumewe kwa heshima kubwa, anamwita mfano wa ukweli, na anatia saini "wako, Savitri". Mbele ya kaka yake anamsifu kwamba hakuna binadamu wa kulinganishwa naye. Hawa watu walikuwa wamefukuzwa nyumbani pamoja na kutukanwa pamoja. Hawakupata mtoto wa kumzaa, na Jotirao hakuoa mke wa pili, ingawa desturi ya wakati ule ingemruhusu. Mapenzi yao yanaonekana katika kuaminiana: yeye anaamua, na ana hakika kwamba mwenzake atakubaliana naye. Barua ya pili ni ushahidi.

BARUA YA PILI, 29 Agosti 1868, tena kutoka Naigaon.

Ni fupi, ila ndiyo inayonigusa kuliko zote.

Kulikuwa na kijana wa Kibrahmini aitwaye Ganesh, anayezunguka vijijini akifanya ibada na kusoma nyota, akipata riziki yake hivyo. Akapendana na Sarja, msichana wa Kimahar. Sarja alikuwa na mimba ya miezi sita ilipojulikana. Wanakijiji wenye hasira wakawakamata, wakawapitisha kijijini huku wakiapa kuwaua.

Savitribai alipopata habari alikimbilia pale. Hakuwahubiria kuhusu upendo. Aliwaambia matokeo ya kuua mtu chini ya sheria ya Waingereza yatakuwa mabaya kwao, na kwamba watawajibika. Wakarudi nyuma. Mtu mmoja, Sadubhau, akasema kwa ghadhabu kwamba basi wawili hawa waondoke kijijini. Wote wawili wakakubali. Wakaanguka miguuni pa Savitribai wakilia, naye akawatuliza kwa shida.

Na barua inamalizika kwa kumwambia Jotirao kwamba sasa anawatuma wote wawili kwake. Niandike nini tena?

Kwisha. Hamuulizi kama pana nafasi nyumbani, wala kama ni busara. Msichana mwenye mimba, mwenye hadhi ya chini kuliko wote, na kijana wa tabaka la juu kuliko wote, wanakuja mlangoni kwako, wapokee.

Mpenda Historia

Dada, hapa nina hoja. Aliwatisha wanakijiji kwa sheria ya mkoloni. Mtu anayepigania wanyonge anaegemea bunduki za Waingereza, miaka 11 tu baada ya maasi ya Wahindi dhidi ya Waingereza ya 1857. Hilo huoni kama ni doa?

Kalamu Nyeusi

Hoja nzito mkuu, na si wewe wa kwanza. Wazalendo wa India waliwahi kuwalaumu akina Phule kwa hilo hilo.

Jibu langu lina pande mbili. Pune kabla ya 1818 ilitawaliwa na akina Peshwa, watawala wa Kibrahmini. Kwa Mbrahmini, kuanguka kwa utawala huo kulikuwa msiba. Kwa Mmahar au Mmang, ambaye chini ya Peshwa hata kupita mahali fulani kungeweza kumgharimu maisha, kumbukumbu ni nyingine. Mukta anaandika juu ya hilo katika insha niliyoitaja: Mmang au Mmahar akipita mbele ya uwanja wa mazoezi alikatwa kichwa. Kwa hiyo akina Phule waliona katika utawala wa Kiingereza upenyo wa shule na mahakama, nao wakautumia kabla haujafungwa.

Upande wa pili ni kwamba hawakuwa vibaraka. Mwaka 1882 Jotirao alitoa maelezo yake mbele ya Tume ya Hunter ya elimu, akaiambia serikali wazi kwamba inakusanya kodi kutoka kwa wakulima maskini kisha inaitumia kuwasomesha watoto wa tabaka la juu. Alidai elimu ya msingi iwe ya lazima hadi umri wa miaka 12. Na Savitribai mwenyewe alikuwa ameshakabiliana na ofisa wa serikali ana kwa ana miaka mitano kabla. Hiyo ndiyo barua ya tatu.

Pale Naigaon, mkuu, kulikuwa na umati na watu wawili wa kuuawa. Silaha iliyokuwa karibu ni sheria. Aliishika.

Nyota ya Alfajiri

Nakubaliana na dada Kalamu. Mimba ya miezi sita haingojei uhuru wa taifa.

Kalamu Nyeusi

BARUA YA TATU, 20 Aprili 1877, kutoka Otur, eneo la Junnar.

Hii ni njaa kuu ya 1876 hadi 1878 iliyopiga kusini na magharibi ya India. Savitribai anaandika kwamba mwaka 1876 umekwisha lakini njaa haijakwisha. Watu na wanyama wanaanguka ardhini. Hakuna majani ya mifugo. Watu wanahama vijiji vyao, wengine wanawauza watoto. Wapo wanaokula matunda ya miiba ya mpungate. Anataja na wakopeshaji wa riba wanaotumia fursa hiyo kuwanyonya watu.

Wakati huo tayari lipo shirika la kufanyia kazi: Satyashodhak Samaj, Jumuiya ya Watafutaji wa Ukweli, iliyoundwa Pune tarehe 24 Septemba 1873. Wanachama wake wameunda kamati za kusaidia wenye njaa. Ghasia zimezuka, mkuu wa wilaya amekuja na askari Wazungu, na wanachama 50 wa jumuiya wamekamatwa.

Savitribai akaitwa mbele ya mkuu huyo. Akamuuliza kwa nini watu wema wanaotoa msaada wanasingiziwa na kukamatwa bila kosa, akamtaka awaachie mara moja. Mkuu wa wilaya akawaachia. Tena hali ya watu ilimgusa kiasi kwamba akatuma magari manne ya ng'ombe yaliyojaa mtama.

Manne! Fikiria mtu anayeandika barua katikati ya maafa kama yale akahesabu magari na kutaja yamebeba nini. Hiyo ndiyo sababu naziita barua za kazi. Kilichoombwa, kilichopatikana, kilichobaki. Na mwishoni anamwambia mumewe kwamba kazi ya wanyonge ameianza yeye Jotirao, na kwamba naye Savitribai anataka kubeba sehemu yake ya mzigo, atamsaidia siku zote. Miaka 29 baada ya darasa la kwanza, mwanamke aliyetoka kuwatoa watu 50 kizuizini bado anasema "nataka kubeba sehemu yangu".

Baharia wa Zamani

Marahaba binti yangu. Nimeelewa sasa. Hebu tueleze na ile nyumba ya wajane, nimewahi kuisikia juu juu.

Kalamu Nyeusi

Hiyo mzee inastahili uzi wake, lakini nitagusia kwa sababu inahusiana na barua, safari hii barua ya mume.

Wajane wa Kibrahmini hawakuruhusiwa kuolewa tena, hata kama alifiwa akiwa mtoto. Walinyolewa nywele. Wengi walibakwa au kulaghaiwa na wanaume wa humo humo ndani ya nyumba, na mimba ikitokea, aibu ni ya mjane peke yake. Jotirao aliandika kwa serikali mwaka 1884 akieleza kisa cha Kashibai, mjane kijana aliyekuwa mpishi nyumbani kwa rafiki yake. Alipata mimba, aliyempa akamkana, naye akamuua mtoto, na mahakama ikampeleka Kashibai kifungoni visiwa vya Andaman.

Mwaka 1863 akina Phule wakafungua nyumba yao wenyewe kwa wajane kujifungua kwa siri. Walibandika matangazo: mjane njoo ujifungue salama, mtoto umchukue au umwache, ni hiari yako. Kwa mujibu wa barua hiyo ya 1884 walikuwa wamekuja wajane 35. Kuandika tangazo ni kazi ya siku moja. Kuwapokea usiku, kuwahudumia wakati wa uchungu, kuwaosha watoto na kuwalea ilikuwa kazi ya Savitribai miaka yote hiyo.

Mwaka 1874 alikuja mjane mwingine, naye jina lake Kashibai. Mtoto aliyezaliwa, Yashwant, wakamfanya mwana wao, wakamsomesha akawa daktari.

Sasa unganisha na Ganesh na Sarja. Mwaka 1868 nyumba ya wajane ilikuwa na miaka mitano. Ndiyo maana aliandika tu "nawatuma kwako". Mlango ulikuwa wazi tayari.

Nyota ya Alfajiri

Na baada ya Jotirao kufariki? Wengi wa wake wa viongozi hupotea hapo.

Kalamu Nyeusi

Jotirao alifariki 28 Novemba 1890. Siku ya mazishi ndugu wa ukoo walipinga Yashwant asibebe chungu cha udongo kinachotangulia maiti, kwa sababu ni mtoto wa kuasili, na anayebeba ndiye mrithi. Ubishi ukiwa mkali, Savitribai akatoka mbele, akachukua chungu mwenyewe, akaongoza msafara na kuwasha moto wa kumchoma mumewe. Mjane alitakiwa awe ndani, yeye yuko barabarani ametangulia wanaume.

Akaiongoza jumuiya. Mwaka 1893 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wake uliofanyika Saswad. Mashairi aliendelea kutoa pia. Diwani yake ya kwanza, Kavya Phule, ilikuwa imetoka 1854 akiwa na miaka 23, ikiwa na mashairi yanayowahimiza wasioguswa waamke wasome.

Tauni ilipoingia Pune, yeye na Yashwant walifungua mahali pa kutibia wagonjwa nje ya mji, upande wa Hadapsar. Akasikia kwamba kuna mtoto wa Kimahar anaumwa huko Mundhwa. Alikuwa na miaka 66. Akaenda, akambeba mgongoni hadi kwa daktari. Mtoto akapona. Yeye akaambukizwa na kufariki tarehe 10 Machi 1897.

Mpenda Historia

Dada Kalamu, nimetulia. Suala la mkoloni tutaliendeleza siku nyingine, bado sijakubali lote. Ila nataka kuzisoma mwenyewe. Nianze na ipi?

Kalamu Nyeusi

Mkuu, anza na ya 1877. Wengi huanza na ya 1856 kwa kufuata tarehe, wakimaliza wanabaki na picha ya msichana anayebishana na kaka yake. Ukianza na ya Otur unamkuta mwanamke wa miaka 46, mwenye kamati, mwenye watu wake kizuizini, anayejua mtama umefika kiasi gani. Ukirudi nyuma hadi Naigaon utaona kwamba yale aliyomwambia mkuu wa wilaya, namna ya kuuliza sababu na kungoja jibu, alikuwa ameshaifanya miaka 21 kabla mbele ya mama yake. Kisha leta hoja zako za mkoloni hapa hapa, tuendelee.